Golikipa Aliyeazimwa: Maisha ya Marehemu Léandre Gaudreault

Baba yetu, Léandre Gaudreault, alizaliwa tarehe 4 Novemba 1931 hapa Rivière-aux-Loutres, mtoto wa pili wa Ovila na Rose-Anna. Alikuwa mtu asiyetulia. Alikula amesimama, na kanisani alikaa nyuma mlangoni ili apate kutoka na kurudi. Bibi, mama yake, alikuwa akimwambia, "Kaa chini, Léandre. Mkate haukimbii."

Alisoma kwa masista mpaka darasa la saba, akaacha akaingia mgodini. Aliendesha lifti ya wachimbaji, kwenda chini na kupanda juu, mpaka alipostaafu mwaka 1990.

Jioni alidaka hoki ya barafuni, ile ya kupiga kisahani cheusi kwa fimbo. Golikipa wa timu yetu alikuwa mwingine. Baba alikuwa wa akiba. Siku hizo timu ngeni ilisafiri na golikipa mmoja tu. Akiumia, timu mwenyeji iliwaazima wageni golikipa wake wa akiba. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ya tarehe 18 Machi 1956, kwenye fainali. Golikipa wa wageni alipigwa shavuni, hakuweza kuendelea. Baba akaitwa kutoka jukwaani, akavaa jezi ya wageni. Mbele yake, upande wa timu yetu, alikuwa kaka yake Fernand.

Wageni walikuwa wanaongoza tatu kwa mbili. Dakika za mwisho Fernand alipiga, Baba akaangukia kile kisahani cheusi juu ya mstari, akakifunika kwa glavu. Refa akakataa bao. Kombe likaondoka na wageni.

Fernand alisema kiliingia, na kwamba Baba alijua. Mji mzima ulimwamini Fernand. Baba alipomuoa mama yetu, Colombe Lacasse, tarehe 14 Julai mwaka huohuo, kaka yake hakuja. Timu yetu haikumwita Baba tena. Akaenda kudaka katika miji mingine, Amos, kisha Rouyn, kisha popote palipokuwa na barafu. Kila Krismasi ndugu hawa walikaa meza moja, wakala pai ya nyama, hawakusemeshana. Ba'mkubwa Fernand alikuwa akimwambia Bibi, "Mwambie huyo msaliti apitishe chumvi." Baba aliipitisha, akainuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na shida.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2008. Hospitalini wauguzi walichoka kumrudisha kitandani. Alitembea ukumbini akivuta mtungi wake wa hewa, kila lifti ikifunguka anageuka kutazama. Mwezi uliopita ba'mkubwa Fernand akatoka humo na fimbo yake. Hakusalimia.

"Sema sasa. Kiliingia?"

"Hakikuingia, kaka."

"Hata kidogo?"

"Kingeingia ningekwambia. Unadhani nilifurahi kula Krismasi na sura yako ile?"

Fernand akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono, akamrudisha kitandani mwenyewe, akakaa kando. Siku hiyo Baba alilala mchana kutwa. Wauguzi walikuja kuhakikisha kama anapumua.

Alifariki tarehe 9 Februari 2011, asubuhi, akiwa na miaka 79.

Ameacha mjane, Colombe, watoto Normand, Ghislaine na mimi, Réjean, wajukuu watano, na kaka yake, Fernand, aliyeomba isomwe hapa, mbele ya mji wote, kwamba kisahani hakikuvuka mstari.

Bwana ampe Baba pumziko, na amani ikae naye.