Kimya cha Dobi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi waheshimiwa mliovaa tai nyeusi kwenye jua hili, tunaomba mtulie kidogo na wenye simu wazizime, kwa sababu marehemu aliagiza historia yake isomwe yote bila kupunguzwa, tena akamteua wifi yake aisome, akisema wifi huyo tangu lini akaficha jambo, na familia imetii, ingawa zipo kurasa ambazo kama si agizo lake tungeziruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi saa na mkewe, na sifa yake ya kwanza kujulikana mtaani ilikuwa kuiga sauti za watu, maana alimwiga muuza maziwa, akamwiga mwalimu mkuu, akamwiga shangazi yake akikohoa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini siku moja akiwa na umri wa miaka sita, wakiwa mezani mchana, alitamka sentensi moja kwa sauti ya bibi yake mzaa baba, ambaye alifariki miaka miwili kabla yeye hajazaliwa, na baba yake akaacha chakula, akatoka nje, hakurudi mpaka jioni. Tangu siku hiyo alikatazwa kuiga sauti ndani ya nyumba ile. Hakuacha, alijifunza tu kufunga mlango.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1975, kisha akasomea uhazili, na tarehe 1 Februari 1977 akaajiriwa mahakamani kama mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa hati mkato na baadaye kupiga chapa mwenendo wa kesi, yaani kila neno linalosemwa na shahidi, wakili na jaji, kwa sababu kesi ikikatiwa rufaa, majaji wa juu hawamwoni shahidi wala hawamsikii, wanasoma karatasi zile tu, na kisichokuwemo kwenye karatasi, kwao hakikutokea. Mkuu wa wapiga chapa alimfundisha hivi, "Mwanangu, andika kinachosemwa, mtu akinyamaza pumzisha vidole," naye akashika, akasifiwa na majaji kwa karatasi safi zisizo na doa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, kaka yake huyu anayewasomea, ambaye alikuwa amefika mahakamani kutoa ushahidi juu ya baiskeli yake iliyoibwa, na baiskeli hakuipata, akampata mpiga chapa, na hadi leo hutamba kwamba ni mume pekee ambaye maneno yake ya kwanza kwa mkewe yana mhuri wa serikali. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1986, na marehemu alisoma sheria jioni huku akimnyonyesha, akapata shahada mwaka 1989, na Januari 1990 akawa wakili wa serikali upande wa mashtaka.

Hapa ndipo tulipoagizwa tusiruke. Novemba 1997 marehemu aliendesha kesi ya mlinzi wa ghala aliyeshtakiwa kumuua mtunza ghala wake, kesi iliyomtegemea shahidi mmoja, mama dobi aliyekuwa akipiga pasi kwenye kibanda kilichotazamana na mlango wa ghala, na marehemu akamuuliza kama mtu aliyemwona akitoka ghalani siku ile yumo humu mahakamani. Yule mama aliangaza macho chumba kizima, uso kwa uso, benchi kwa benchi, akanyamaza, akanyamaza mpaka jaji akainua kichwa, na marehemu, ambaye kwa haki alipaswa kusubiri jibu au kuketi, alishika faili lake akatembea taratibu hadi kando ya kizimba cha mshtakiwa, akasimama pale kama mtu anayetafuta ukurasa, na macho ya dobi yakamfuata, na kidole cha dobi kikafuata macho. Kwenye karatasi iliandikwa swali, na chini yake jibu, "Ndiyo, yumo, ni yule pale." Kimya hakikuandikwa, mwendo haukuandikwa, mlinzi alifungwa maisha, na marehemu akapewa mkono na wenzake kwenye korido.

Mwaka 1999 alihamia kwa majaji wa rufaa kama msaidizi wa utafiti, akakaa huko hadi 2004, na mwaka 2001 rufaa ya mlinzi ikafika mezani, na majaji watatu wakaisoma, wakaandika kwamba shahidi alimtambua mshtakiwa bila kusita, na aliyepewa hukumu ile aihakiki herufi kwa herufi kabla haijasomwa alikuwa marehemu. Aliifikia hiyo "bila kusita", akaihakiki, akageuza ukurasa. Sheria ya kazi ilikuwa wazi, la nje ya karatasi halisemwi, naye hakulisema.

Kuanzia 2004 alijitegemea, akafungua ofisi katika chumba cha pembeni cha nyumba yake, akawa wakili wa rufaa za jinai ambaye wafungwa wa gereza hadi gereza walimjua, na mawakili vijana waliokuja kumuuliza siri yake aliwaambia hana siri, alipita kwenye kila chumba ambacho kesi hupita, anajua inakovunjika. Kusema kweli alikuwa na namna yake ya kazi. Alifunga mlango, akaweka kiti cha pili mbele ya meza, akasoma mwenendo wa kesi kwa sauti, akiwa wakili kwa sauti ya wakili na shahidi kwa sauti ya shahidi, watu ambao hajawahi kuwaona wala kuwasikia, na mumewe akipita na chai alisikia humo ndani wanazungumza watu wawili, mara mwanamke na mzee, mara mwanamke na kijana, akifungua anamkuta mkewe peke yake. Akazoea, akawa analeta vikombe viwili, na tusidanganyane hapa mbele ya jeneza, vikombe vyote viwili vilirudi vitupu, na wala marehemu hakuwa mtu wa chai nyingi.

Mama dobi alifariki mwaka 2015. Wiki ile ile, alasiri, mume wa marehemu akiwa anavuka ukumbi na sinia lake, aliangusha kijiko na kijiko hakikulia, akadhani masikio yamemziba, akatazama dirishani akamwona jirani yetu seremala akikata mbao, mkono unaenda na kurudi, vumbi la mbao linadondoka, na msumeno hautoi sauti yoyote, jokofu limenyamaza, barabara imenyamaza, dunia nzima imeshika pumzi. Ndani ya chumba marehemu alikuwa ameketi akikitazama kile kiti cha pili, na mbele yake umefunguliwa mwenendo wa kesi ya mlinzi, kwenye lile swali. Kisha sauti zikarudi zote kwa pamoja, na mwalimu wa watu akamwaga chai.

Kimya kile kikawa kinakuja, na kila kilipokuja kilikaa zaidi ya kilivyokaa awali. Wifi yake huyu anayesoma hakuamini, alisema kaka yake amezeeka vibaya, mpaka siku aliyokwenda kuazima pasi, akabisha hodi asijisikie, akaita tena, akapiga ukelele, na mnaomfahamu mnajua hana sauti ya kupotea, lakini siku hiyo mdomo ulifunguka, koo likauma, na hakusikia kitu, akarudi kwake bila pasi. Marehemu alipobanwa na familia alijibu kwa mkato, "Yule mama bado hajanijibu. Nilimwahi."

Septemba 2022 madaktari walimgundua kuwa na saratani ya ini, na Januari 2023, akijua hali yake, aliapa hati ya kiapo kueleza kile kimya na ule mwendo wake, ili wakili mwingine aombe kesi ya mlinzi ifunguliwe tena. Marafiki walimsihi asijichafue, na binti yake alilia, "Mama, watakuvua joho," naye akamjibu, "Wanivue tu, kwani nitazikwa uchi?" Upande wa serikali ukapinga, ukasema kiapo cha mtu anayekaribia kufa asiyehojiwa hakina uzito, kwa hiyo likabaki jambo moja tu, marehemu aishi mpaka ahojiwe, ama mlinzi afie ndani. Tarehe ya kumhoji iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Alikataa dawa kali za maumivu asije akaambiwa alikuwa amelewa dawa, akakunja uso, akasubiri, na sisi tuliomgeuza kitandani tunajua alisubiri vipi.

Tarehe 6 Februari 2024 msajili wa mahakama alikuja nyumbani pamoja na karani, wakili wa mlinzi, na wakili wa serikali, kijana mwenye adabu, ambaye aliuliza swali la haki kabisa, "Mama, miaka ishirini na sita imepita, na kimya si kitu cha kushikika, sisi tutajuaje kwamba kilikuwepo?" Marehemu akasema, "Subiri, baba," akaomba kile kiti cha pili kisogezwe mbele ya kitanda, akakigeukia, akauliza lile swali la 1997 kwa sauti yake ya ujana, sauti ambayo binti yake alikuwa ameisahau, na hapo msumeno wa seremala ukafa, jokofu likafa, kalamu ya karani ikawa inakwaruza karatasi bila kukwaruza. Kimya kilikaa muda ambao hakuna kati yetu anayetaka kuukadiria. Wakili kijana alifungua mdomo, tukauona mdomo unasema, akaufunga, akashika ukingo wa meza, na safari hii marehemu hakusogea popote, alisubiri, jasho linamtoka, macho kwenye kiti. Kisha kutoka kinywani mwake ikaja sauti ya mama mtu mzima, nzito kidogo, yenye uchovu wa kusimama kutwa, ikasema, "Humu simwoni."

Seremala akaendelea kukata mbao. Wakili wa serikali alisema hana swali zaidi, karani akauliza kwa kunong'ona aandikeje, na msajili akafikiri, akafuta miwani, akamwambia, "Andika kwamba aliulizwa, akanyamaza." Lile neno la mwisho hakutaka liandikwe, na hatumlaumu. Kile kimya hakikuja tena nyumbani kwetu.

Tarehe 1 Machi 2024 mahakama ilifuta hukumu, ikasema haikuwa salama kumtia mlinzi hatiani kwa utambuzi wa namna ile, na tarehe 10 mlinzi alifika nyumbani, mvi kichwa kizima, akaingizwa katika kile chumba, mlango ukafungwa, na mume wa marehemu akasikia sauti mbili humo ndani kama zamani, akapeleka vikombe viwili, akachungulia, na mara hii walikuwa wawili kweli. Walichoambiana ni chao. Marehemu aliaga dunia tarehe 14 Machi 2024, saa tatu asubuhi, mikononi mwa mumewe na binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hadi mwisho, majirani wote, hasa fundi seremala aliyekataa kupokea hata senti ya jeneza hili, mawakili wenzake na majaji waliofika, na hata wale ambao hawakufika kwa sababu ya kile kiapo, tunajua mlipo na tunajua kwa nini.

Kuna mtu mmoja ambaye hatuna shukrani ya kumpa wala pole inayomtosha, naye ameketi mstari wa mbele upande wa familia, kwa sababu marehemu aliagiza aketi hapo, akakubali kuketi, lakini hakukubali kushikwa mkono na yeyote kati yetu, na ana haki. Jana tulimuuliza anataka nini kwetu, akasema hataki fidia wala kuombwa msamaha, anataka neno moja lisomwe leo mbele ya watu, kwa sababu mahakama imesema tu hukumu haikuwa salama, na neno lenyewe haijalisema, wala huwa hailisemi. Tukakaa kikao. Wapo waliosema sisi hatukuwepo ghalani, tutasemaje tusilolijua, ndipo mume wa marehemu, mwalimu wa hesabu ambaye maisha yake yote hakukubali jawabu lisilo na njia, akatuuliza taratibu, "Yule mama mlimsikia akisema nini?" na hapo kikao kikafungwa.

Basi baba, sikia, na ninyi nyote msikie, na kipaza sauti kiongezwe: huyu mtu hakuua. Asiyeridhika akate rufaa.

Pumzika kwa amani, wifi.