Mwenye Geti Amekuwa Mpole

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mdogo wako, nani tena? Nimeazima simu ya jirani. Shikamoo dada.

DADA: Marahaba. Mshono wa kichwa vipi?

FUNDI: Unawasha. Dada, majibu ya kile kinyama walichonitoa kwenye ubongo. Ulisema nini jana?

DADA: Si nilikwambia? Uvimbe wa daraja la pili. Unakua polepole—

FUNDI: Wa seli zipi?

DADA: Ee?

FUNDI: Usinizuge. Nesi wa bandeji kanieleza. Ubongo una seli zinazolea neva. Kuna zenye umbo la nyota, kuna zinazovisha neva koti kama waya wa umeme, kuna zinazotanda vyumba vya maji. Uvimbe wangu umetoka wapi?

DADA: Kwa... za nyota.

FUNDI: Na madaraja ni manne. La kwanza jepesi, la nne—

DADA: La pili, nimesema! [mkwaruzo] Mtandao huu nao...

FUNDI: Mtandao mzima. Yule mwenye geti kapita karakana leo.

DADA: Yule mtukanaji?

FUNDI: Huyo huyo. Geti lake limelala wiki kibao, sijalichomelea. Leo kanishika bega: “Taratibu fundi, afya kwanza.” Mtu anayetukana mpaka mbuzi wake! Kaambiwa nini, na nani?

DADA: Watu hubadilika.

FUNDI: Na shemeji kaniletea blanketi jipya. Shemeji! Hata kiberiti haazimi!

DADA: We! Mume wangu huyo!

FUNDI: Ndiyo maana nashangaa.

DADA: Hayo yaache.

FUNDI: Haya. Kama ni la pili, ile mionzi waliyonipangia hospitali ingoje. Nimalize geti, niende mwezi ujao.

DADA: Mwezi— hapana! Jumatatu!

FUNDI: La pili lina haraka gani?

DADA: Daktari kasema—

FUNDI: Nesi kasema la pili wakati mwingine huangaliwa tu kwanza.

DADA: Nesi anajua nini! Jumatatu, mdogo wangu, nakuomba.

FUNDI: Unaniomba? Wewe? Tangu lini?

DADA: Tangu leo.

FUNDI: La tatu?

[mkwaruzo]

FUNDI: Dada. Unalia?

DADA: Vumbi. Nafagia.

FUNDI: Kumbe la nne.

DADA: Nilidhani ukijua utajifungia ndani, hutakanyaga hospitali.

FUNDI: Na kwa uongo wako ningebaki hapa nachomelea geti, huku uvimbe unanimaliza!

DADA: Usitamke hivyo!

FUNDI: Nitatamka! Chuma kikipasuka, fundi huonyeshwa ufa, hapewi rangi apake juu. Jumatatu saa ngapi?

DADA: Asubuhi na mapema. Nitakufuata mwenyewe.

FUNDI: Njoo. Lakini kwa daktari nauliza mimi, wewe unyamaze.

DADA: Sawa.

FUNDI: Salio la watu linakwisha. Dada— matibabu yapo, siyo?

DADA: Yapo. Mionzi, na vidonge. Yapo, mdogo wangu.

FUNDI: Hiyo “yapo” ni ya leo, au ni ya jana?

DADA: Ni ya—

[simu yakatika]