Simbi Mbili Ndani ya Kopo

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio njiani, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mwalimu Mwanatabu wa Jomvu Kuu, aliyefariki Jumatatu iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Aliwafundisha watoto wa chekechea kujumlisha na kutoa. Hakupitia chuo. Kazi aliijua kwa kuwatazama watoto.

Hesabu aliifundishia kwenye matope ya mikoko. Maji yakipwa, kaa hutoka mashimoni. Watoto huchuchumaa, kimya. Wametoka watatu, wameongezeka wawili, ni wangapi? Mmoja akipiga chafya, kaa wote hukimbilia ndani. Wamebaki wangapi?

"Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo," asema bintiye, Mwanasaumu. "Ukila samaki unaulizwa vipande vingapi vimebaki. Samaki anapoa, wewe unahesabu."

Na kulikuwa na kopo. Kabla ya kushuka ufuoni, kila mtoto alitia ndani simbi yake, kombe dogo la pwani lenye alama. Mwalimu alitia yake pia. "Na mimi ni mtu," aliwaambia, "nahesabika." Wakirudi darasani, kila mmoja hutoa yake. Ya Mwalimu hutoka mwisho. Kumbukeni, wasikilizaji: kopo likiwa tupu, wote wamerudi.

Sasa niwapeleke asubuhi moja, miaka saba iliyopita. Watoto walikuwa wanane. Maji yalianza kujaa na mvua ilikuwa karibu, wakapanda haraka hadi darasani. Msaidizi, Bi Rosalia, akahesabu vichwa mlangoni. Vinane.

Watoto wakatoa simbi zao. Ndani ya kopo zikabaki mbili.

Bi Rosalia anakumbuka. "Nikamwambia, Mwalimu, kuna aliyesahau kuchukua yake. Vichwa ni vinane, nimehesabu tena. Akawauliza watoto, 'Mbili, toa yangu?' Wakasema, 'Moja.' 'Ya nani?' Wakaitazama alama. 'Ya Asmaa.'"

Mwalimu akaita, "Asmaa." Hakuna aliyeitika abee.

Vichwa vilikuwa vinane kweli. Lakini wa nane alikuwa Faith, mtoto wa jirani, aliyeona watoto wakipita wakiimba akajiunga nyuma. Yeye hakuwa na simbi. Mmoja ametoka, mmoja ameongezeka, jumla ni ileile.

Mwalimu alishavua viatu. Alipofika chini, matope ya mbele yote yalikuwa yamefunikwa na maji. Aliita. Akaita tena.

"Mama hakujua kuogelea," asema Mwanasaumu. "Alizaliwa hapa, na maji aliyaogopa mpaka mwisho."

Aliingia. Alimkuta nyuma ya mkoko, miguu imezama matopeni, maji kiunoni. Mtoto hakulia. Alikuwa akitazama mahali palipokuwa na mashimo.

"Mwalimu," akasema, "walitoka watano. Wamerudi wanne. Namngoja mmoja."

"Huyo kwao anakujua, mwanangu. Nishike shingo."

Mguu mmoja ukatoka. Wa pili ukakataa. Maji yakafika kifuani kwa mtoto. Mwalimu akapiga magoti, kidevu ndani ya maji, akafukua matope kwa vidole mpaka mguu ukachomoka.

Asmaa sasa yuko gredi ya saba. Anacheka akisimulia. "Kiatu kilibaki. Nililia kwa kiatu, si kwa maji. Mwalimu akaniuliza, viwili toa kimoja? Nikajibu, nikanyamaza."

Na Bi Rosalia? "Hakunilaumu. Alisema tu, tangu leo tuhesabu vyote, vichwa na simbi."

Kwa Mwanasaumu na jamaa wote wa Jomvu Kuu, poleni sana. Mola amrehemu mama yetu. Nasi wasikilizaji, jioni hii tukihesabu walio wetu, tusiridhike na jumla. Tuulize ni nani hasa hayupo.

Jana Bi Rosalia aliwapeleka watoto ufuoni kama kawaida. Kabla ya kushuka, mmoja wao alitia simbi yake, kisha akatia na ya Mwalimu, kama Mwalimu mwenyewe alivyozoea. Waliporudi, kila mmoja akatoa yake. Bi Rosalia akahesabu vichwa, akachungulia ndani ya kopo.

"Imebaki moja," wakamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Hesabu ni sawa."