Barua ya Nyange Mbele ya Kina Kamusi

Bisha ukitaka, lakini hoteli ile anayofanyia kazi haina mtu wa kumfukuza Nyange. Ndivyo alivyoanza mwenyewe, hata kahawa hajaionja, pale barazani sokoni Konde wanapokaa Kamusi na Mapengo kila baada ya alasiri. Kifua mbele, na barua ya hoteli mfukoni siku ya tano, Kiingereza kitupu, naye skuli aliiacha darasa la sita. Wenziwe walijua kinachomkaa rohoni: Mzee Marhoun alishapokea posa ya Nyange kwa bintiye Suhaila, na alishasema hamwozeshi mtu aliyefukuzwa kazi.

— Itoe, yakhe, Kamusi akasema. Kufukuzwa kwa Kizungu kuna madaraja.

Kamusi, aliyewahi kufagia ofisi huko Mkoani, akayapanga. "Sack" na "fire" ni mamoja: umekosa, shika njia. "Dismiss" ni hayo hayo, ila yamevaa tai. "Terminate", mkataba umekatwa, sababu kaulize mwenyewe.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mapengo akadakia. "Terminate" hiyo maguu yote mawili.

Akaenda mbali zaidi: mtu wa "fire" jina lake hupelekwa hoteli zote mpaka Dubai, na picha juu. Nyange akakiweka kikombe chini. Akasema kahawa ina moto.

Ndipo akapita Bi Mwatum, mwalimu wa Kiingereza, na ndizi zake mkononi. Wakamwamkia, wakampa barua. Akaisoma yote, kisha akauliza:

— Kwani ulifanya kosa gani?

Nyange akahesabu kwa vidole, kosa hakuliona.

— Basi hujafukuzwa, mwanangu. Hapa pameandikwa "laid off". Kazi ndiyo iliyopungua, si wewe uliyeharibu. Masika wageni hawaji, mmepunguzwa watu ishirini. Mwezi wa saba mtaitwa. Na meneja kaongeza kwa mkono wake: kijana mchapakazi.

Baraza zima likashusha pumzi. Kamusi akaapa alikuwa anaelekea hapo hapo. Mapengo akaagiza kahawa ya wote. Nyange akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia, halafu akaanza kutafuta viatu vyake.

— Kuna kipande nimekiruka, akasema. Jumatatu nilimpelekea shehe mmoja Kiuyu ubani, meneja asomewe halbadiri, ile dua ya kumwapiza dhalimu, kwa kunidhulumu.

— Atasomewa lini? Kamusi akauliza.

— Kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Alhamdulillahi haijawa kesho. Maana kwa ujeuri wangu nilimwambia, ikiwa nasema uongo, basi inirudie miye.