Jua la Kahama

Tangu basi letu litoke Mwanza, mama aliyekaa mbele yangu, aliyejitambulisha kuwa Bhavna, mwenye duka la vitambaa Kahama, alikuwa akimsimulia tena na tena mzee aliyekaa kando yake kisa kilekile. Ndege yake kutoka Dar ilikuwa itue Kahama asubuhi, ikapelekwa Mwanza kwa tahadhari ya radi.

"Radi gani, baba? Kaka yangu alikuwa uwanjani ananisubiri. Jua kali, watu wameanika mpunga, hata tone halikudondoka! Saa nane wamechoma mwili wa mama, kama desturi yetu Wahindu. Hawakuweza kuningoja tena."

"Pole sana, mayu," mzee alisema, akimwita mama kwa Kisukuma huku akifikicha macho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kwa niaba yake. Kisha mzee akaongeza, "Ile tahadhari niliiandika mimi. Ndiyo natoka kazini, hali ya hewa."

Nilidhani atatwangwa mkoba.

"Wewe?"

"Rubani haogopi tone. Anaogopa upepo unaoshuka chini ya wingu la radi, unaibamiza ndege ikiwa inatua. Wingu lilikuwa linakwenda Kahama, likapinda."

"Likapinda," alirudia polepole. "Kwa hiyo ungenyamaza, ningemwona mama yangu."

"Leo, ndiyo. Kuna siku halipindi."

Kondakta akatangaza kituo cha Didia. Mzee akachukua mfuko wake wa mkate, akaaga. Basi liliposimama naye akashuka, simu ya Bhavna ikaita.

"Ndiyo, kaka," alisema, akimtazama mzee anavyovuka barabara. "Niko mzima."

Neno hilo, mzima, alilisema kama mtu anayemshtaki mzee.