Kikohozi cha Paka wa Jirani

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa huu na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wateja wetu wa miguu miwili, na ninyi wa miguu minne mliofungwa kamba pale uani: shikamooni na karibuni.

Sisi wafanyakazi wa kituo cha kutunza wanyama cha Mkia na Sharubu tumefurahi kupita kiasi. Kutoka dukani kwako hadi hapa ni mwendo wa kumaliza pipi moja, nawe umeutembea miaka minne. Mwaliko wa kwanza alikuletea daktari wetu mwenyewe, siku ya ufunguzi, ukamjibu kuwa unashusha saruji. Tunamshukuru Mungu kwamba saruji hiyo sasa imekwisha kushushwa. Safari hii tuliona tumwandikie mwenyekiti, kwa kuwa baba mtu ana shughuli nyingi.

Risala hii daktari hajaisoma. Angeisoma, isingesomwa.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kisa chetu unakijua, kwa hiyo tutakisimulia taratibu. Binti mmoja alisomeshwa kwa jasho la baba yake ili aje atibu watu. Akarudi na cheti cha kutibu mbwa, paka, mbuzi na yeyote mwingine asiyeweza kusema panapomuuma. Baba akasema mbele ya shangazi wote: "Nimesomesha daktari, nimevuna mwosha mbwa!"

Mwosha mbwa wetu, ambaye sote tunamwita Povu, anaomba ieleweke kuwa cheo hicho ni chake peke yake na hagawani na mtu.

Daktari alipanga nyumba hii, akapaka kuta chokaa, akakaa kungoja wagonjwa. Wakaja nzi. Biashara ni matangazo, tukaambiwa, basi tukatangaza. Vipeperushi vyetu vilitafunwa na mbuzi wa mteja wetu wa kwanza. Fundi wa bango alituchorea mbwa ambaye hadi leo watu huingia kuulizia bei yake wakidhani ni ndama.

Ndipo mpokezi wetu, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki, alipoleta habari ya podikasti: kipindi cha kwenye simu, mtu anasikiliza wakati anaotaka, hata akifua. Tulitundika mablanketi kwenye stoo ya vyakula vya mifugo, tukakaa juu ya magunia ya pumba, tukarekodi. Daktari alisoma habari za minyoo kwa karibu saa nzima. Tulipata wasikilizaji wawili, na wote wawili walikuwa Povu, mwenye simu mbili.

"Daktari," Redio alimwambia, "samahani, lakini unaeleza minyoo kama unatoa rambirambi. Waachie wenyewe waongee."

"Wenye wanyama?"

"Wanyama!"

MAFANIKIO

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tuliwaomba wasikilizaji waturekodie sauti za mifugo yao na kututumia. Redio anazipiga, daktari anavaa vile vikopo vya masikioni, anafumba macho, anasema: huyu ana mafua, mleteni; huyu ana njaa tu; huyu hana neno, ana kiburi. Tumeletewa jogoo aliyekaukiwa sauti na mbwa anayelia kila mwenye nyumba akianza kuimba, ambaye daktari alimkuta na akili timamu kabisa. Leo chumba cha kulaza paka wa wasafiri kimejaa, na Povu analalamika mikono imechujuka. Hatujawahi kusikia lalamiko tamu kama hilo.

Miongoni mwa wasikilizaji wetu yumo mmoja tunayempenda kuliko wote. Hujitambulisha kwa sauti nzito aliyoibana puani: "Mimi ni mwenye paka wa jirani. Paka si wangu. Anakuja tu." Ameuliza kuhusu kupe wa huyo paka asiye wake. Ameuliza kama paka asiye wake anaweza kula samaki kila siku, na kama ni sawa paka asiye wake kulala kwenye kiti cha mwenye nyumba.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kazi haikosi doa. Kwa kawaida Redio husikiliza sauti zote kabla. Siku hiyo hakusikiliza. Mwenye paka wa jirani alituma sauti akisema paka anakohoa vibaya, afanyeje?

Daktari alisikiliza. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Paka huyu mzima," akasema. "Anakoroma kwa raha, yuko mapajani kwa mtu. Anayekohoa ni huyo mtu. Viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu 'aah'. Kikohozi hiki nimekua nikikisikia kupitia ukutani nikifanya kazi za shule. Ni vumbi la saruji, na sasa limeshuka kifuani." Akavua vile vikopo. "Mwambieni aende hospitali. Ya watu."

Redio alidhani ni utani mzuri, akakirusha kipindi chote kama kilivyo. Hakuna kipindi chetu kilichosikilizwa kama hicho. Mtaa mzima ukawa hauna neno jingine, mtu akipiga chafya sokoni, anaambiwa, "Hospitali! Ya watu!" Sisi tulicheka. Daktari hakucheka. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa koti, alimuuliza Redio jambo moja tu: "Mwenye paka hajatuma?"

"Hajatuma."

Akawa anaingia ndani na kuosha vyombo alivyokwisha kuviosha.

Halafu ikaja sauti moja. Haikuwa na maneno. Paka anakoroma, anakoroma, na nyuma yake mtu anavuta pumzi ndefu, anaitoa, wala hakohoi. Daktari aliisikiliza hadi chaji ikaisha.

"Paka anaendeleaje?" Povu akamuuliza.

"Paka mzima," akasema. "Na mwenye paka naye mzima." Akajifuta macho, akasema ni vumbi la pumba. Mgeni rasmi, siku hiyo stoo ilikuwa imepigwa deki.

MAOMBI

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kwa hiyo maombi yetu ni machache.

Tunaomba uache kusimama kwenye kibanda cha vocha hapo ng'ambo ukijifanya unasoma bei. Vocha ni zile zile.

Tunaomba utufungulie chumba kipya cha kurekodia, na ukishakata utepe useme neno moja kwenye kipaza sauti. Lisiwe la mwenyekiti. Hotuba za mwenyekiti tumezisikia, na zile za minyoo zina nafuu. Useme unavyomwita binti yako, na cheo chake mbele. Redio ameapa kulisikiliza kwanza kabla ya kulirusha.

Ombi la mwisho tumeliandika leo asubuhi, baada ya mlinzi kutuambia kuwa mgeni rasmi amefika na kikapu. Tumekiona, kiko chini ya kiti chako. Kinalia. Hatuulizi ni cha nani.

Daktari hakutoka kusimama nasi hapa. Yuko ndani, mlango wa pili kushoto, na koti alilolipiga pasi mara mbili. Ametutuma tukuombe radhi kwamba ana mgonjwa. Mgeni rasmi, hana mgonjwa. Meza iko wazi tangu alfajiri. Inuka, baba, ubebe kikapu chako, uingie. Akikuuliza paka ni wa nani, tafadhali, mara hii usimsingizie jirani.

Mungu akupe kifua chepesi na miguu isiyosahau njia ya hapa, na ainyooshee mkono nyumba yako, wenye manyoya na wasio nayo.

Ni sisi watumishi wako,
Wafanyakazi wa Mkia na Sharubu.