Devota Haule na Hoho Zilizowasha

Ndugu waombolezaji, mimi ni Beda, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kama yalivyokuwa, maana mwenyewe alituonya mapema kwamba tusije tukamsifu kwa uongo mbele ya jeneza.

Marehemu Devota Anselmi Haule alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Kimamba, mtoto wa tatu wa mzee Anselmi, aliyetoka Songea kuja kukata mkonge, na mama Salome. Alisoma Shule ya Msingi Kimamba kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akaajiriwa jikoni katika shamba la mkonge, ambako achari yake ya pilipili iliwafanya wakataji wamalize ugali na kuomba nyongeza. Tarehe 21 Novemba 1981 alifunga ndoa na Petro Chilongola, fundi wa reli, wakahamia Kilosa mjini na kujaliwa watoto watatu, Filomena, Frank na Lea. Shemeji Petro alitangulia mwaka 2011.

Mwaka 1994 marehemu alianzisha kitalu cha miche nyuma ya nyumba, akawa na pilipili mbuzi za mchuzi, pilipili kichaa alizoloweka kwenye mafuta ya kuchulia magoti ya wazee, akiwasihi wasiguse macho, na wapo humu waliogusa, na juu ya yote hoho, ambazo miche yake aliisambaza kwa baiskeli hadi vijiji vya Ulaya na Magole. Mwaka 2015 nyumba moja ya wageni Mikumi ilimwagiza pilipili za mapambo, zile ndogo za zambarau na njano zinazopandwa kwenye vyungu, naye akazipanda ubavuni mwa hoho za mbegu, kosa ambalo mkulima wa miaka ishirini hakupaswa kulifanya, kwa kuwa nyuki hawajui mpaka. Mbegu zikachanganyika, na hoho za mwaka uliofuata zikatoka nene, zinazong'aa, na kali kupindukia.

Kwenye ubatizo mmoja kule Ulaya watoto walilia juu ya kachumbari, na Magole mama mmoja aitwaye Joha alimpikia mkwewe mwenye vidonda vya tumbo, bibi wa watu akaugulia siku tatu. Majirani walimshauri dada anyamaze, kwani waliouza miche ni wengi, wakamwambia pilipili usiyoila yakuwashia nini, naye akawajibu, "Hii nimeipanda mwenyewe, lazima iniwashe."

Alizunguka nyumba arobaini na tatu, akasema kosa ni lake, akang'oa miche ile kwa mkono wake na kuahidi mingine. Msimu wa kwanza alifunika hoho za mbegu kwa vyandarua vikuukuu, nyuki wakapenya kwenye matundu, na alipootesha mbegu zake akaonja tunda, akatema, akateketeza zote. Sisi ndugu tulimwona mkaidi na tulimwambia hivyo, jambo ninaloliombea radhi leo. Msimu wa pili alishona kila tundu, na kufikia mwisho wa mwaka 2019 nyumba arobaini na mbili zilikuwa zimepata miche mipya. Iliyobaki ilikuwa ya Joha, ambaye alikuwa ameshahama, wengine wakisema yuko Mikumi, wengine Kidodi, na kila mwaka marehemu alimwoteshea miche mitano na kwenda kumuulizia.

Oktoba 2024 miguu ilianza kuvimba, akagundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa Kilosa na baadaye Morogoro, ambako alifariki dunia tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 63, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi hapa matangani, Jumuiya, na wakulima wenzake waliokuja kutoka Ulaya na Kimamba, wengi wakiwa wamebeba hoho za kupikia msiba, nasi tumezila.

Tangazo la mwisho si letu, ni lake. Kama Joha aliyekuwa Magole yumo humu, au yupo anayemfahamu, miche mitano iko kwenye makopo pembeni ya mlango wa jikoni, hoho zake Frank amezionja na haziwashi, tafadhali asiondoke bila kuichukua, na ajue kwamba dada yetu aliomba msamaha.

Dada Devota, asipojitokeza leo, kesho Frank anapanda baiskeli. Wewe pumzika kwa amani.